Kuomba Fedha za Mafunzo si Kuomba Sadaka

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani wa Ifunda, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani.)



Nilipoingia hapa kidato cha kwanza mwaka 1993 sikuwa na sweta, na baridi ya Ifunda haikunihurumia. Leo nimekuja na koti, lakini nikiri kwamba magoti bado yanatetemeka, maana naona mbele yangu walimu walionisahihishia insha. Basi nitajitahidi nisiseme maneno mengi yasiyo na maana.

Kamati imenitaka nizungumze juu ya namna waajiri wetu, hasa wenye karakana na viwanda vidogo hapa Iringa na kule Mbeya, wanavyoweza kuomba fedha za Serikali za kuwapatia wafanyakazi wao mafunzo ya ujuzi. Wengine watasema hili ni jambo la maofisini. Mimi nasema ni jambo la shule hii kuliko shule nyingi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia mahali hapa palikuwa kambi ya wakimbizi wa Kipolandi. Miaka ya 1950 pakafanywa shule ya ufundi, na baada ya Uhuru ikawa sekondari ya ufundi. Kwa hiyo mizizi yetu imo katika msumeno, randa na spana. Wako wazee humu ambao mikono yao ndiyo iliyowasomesha watoto wao.

Nitaanza na kisa ambacho sipendi kukisimulia.

Miaka michache iliyopita, nikiwa afisa biashara katika halmashauri moja ya nyanda zetu hizi, alinijia mzee mmoja mwenye karakana ya mbao. Mnazijua karakana za aina hiyo. Ukipita barabara kuu ya Zambia kutoka hapa kwenda Mafinga unasikia mashine za dingdong zikilia tangu alfajiri, zikichana magogo ya msitu wa Sao Hill. Mzee huyu alikuwa na vijana kumi na wawili. Hakuna hata mmoja aliyefundishwa kazi darasani. Kila mmoja alijifunza kwa kumtazama aliyemtangulia, na aliyemtangulia naye alijifunza vivyo hivyo. Mzee alikuwa amesikia kwamba liko tangazo la fedha za mafunzo, na chuo kimoja kilikuwa tayari kushirikiana naye. Alichotaka kwangu ni kitu kimoja tu: barua ya kuthibitisha kwamba biashara yake inatambulika.

Nilimwambia, "Mzee, acha karatasi zako hapa, njoo wiki ijayo." Wiki iliyofuata nilikuwa safarini. Wiki ya tatu nilikuwa na ugeni wa viongozi. Barua niliiandika siku ya ishirini na tatu. Ilikuwa barua ya mistari sita. Tarehe ya mwisho ya kupeleka maombi ilikuwa imepita siku nne nyuma. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Ahsante mwanangu, labda mwakani." Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Kabla mwaka haujaisha, kijana mmoja katika wale kumi na wawili alikatwa vidole viwili na msumeno wa duara. Kinga ya msumeno ilikuwa imefunguliwa kwa sababu ilikuwa inawachelewesha. Ndugu zangu, siwezi kusema kwamba mafunzo yale yangeviokoa vidole vyake. Lakini siwezi pia kusimama mbele yenu nikasema kwamba yasingeviokoa. Usalama wa mashine lilikuwa somo la kwanza katika orodha ya masomo waliyoomba. Niliisoma orodha ile baadaye, nikiwa nimechelewa.

Tangu siku hiyo nimeshika jambo moja, na ndilo ninalotaka mwondoke nalo leo: kuomba fedha za mafunzo si kuomba sadaka. Ni kudai, kwa adabu na kwa hesabu, sehemu ya fedha ambazo waajiri wenyewe wamezitoa. Na sisi tuliokaa mezani hatugawi mali yetu.

Nieleze kwa nini nasema hivyo. Nchini mwetu iko tozo iitwayo tozo ya kuendeleza ujuzi, ambayo wengi mnaijua kwa herufi zake, SDL. Msingi wake ni Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi ya mwaka 1994, ile iliyoanzisha VETA. Mwajiri huilipa kwa Mamlaka ya Mapato kila mwezi, si zaidi ya tarehe 7 ya mwezi unaofuata, pamoja na kodi ya mishahara. Haikatwi katika mshahara wa mfanyakazi. Mwajiri ndiye anayeitoa mfukoni mwake. Zamani ilikuwa asilimia 6 ya mishahara yote. Waajiri walilalamika miaka mingi kwamba ni mzigo, na Serikali ikasikia: mwaka 2013 ikashuka hadi asilimia 5, mwaka 2016 hadi 4.5, mwaka 2021 hadi 4, na mwaka 2023 hadi 3.5. Mwaka huohuo wa 2021 Serikali iliwaondolea mzigo huu waajiri wadogo: mwanzo aliyekuwa na wafanyakazi wanne alilipa, sasa hesabu ikaanzia kwa mwenye wafanyakazi kumi.

Tumchukue yule mzee wa mbao. Ana vijana kumi na wawili, na tuseme kila mmoja analipwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Jumla ya mishahara ni shilingi 3,600,000. Asilimia 3.5 yake ni shilingi 126,000 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 1,512,000. Fedha hizo mzee anazitoa kila mwezi, na jina lake ni tozo ya kuendeleza ujuzi. Je, ujuzi wa nani umeendelezwa? Ukimwuliza atakujibu kwamba yeye anajua ni kodi tu kama kodi nyingine.

Sisemi kwamba fedha zile zinapotea. Sheria ilizigawa: theluthi moja iende kwenye mafunzo ya ufundi stadi, na theluthi mbili ziende Serikalini, ambako zimesaidia mikopo ya wanafunzi wa elimu ya juu. Kwa hiyo kijana wa chuo kikuu aliyesoma kwa mkopo amebebwa pia na fundi wa Mafinga ambaye hajui hata lango la chuo hicho liko wapi. Hilo si baya. Baya ni kwamba fundi yule, zamu yake ya kubebwa inapofika, hana habari.

Sasa, zamu hiyo hufika kwa njia gani? Nitataja njia ambazo Serikali imezitumia katika miaka ya karibuni.

Njia ya kwanza ni Programu ya Taifa ya Kukuza Ujuzi, iliyoanza mwaka 2016 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu inayoshughulikia kazi na ajira. Ndani yake yamekuwamo mafunzo ya uanagenzi, ambayo kijana husoma chuoni na kufanya kazi karakanani kwa zamu. Mafunzo tarajali kwa wahitimu. Kuhuisha ujuzi wa watu ambao tayari wako kazini. Na urasimishaji wa ujuzi. Hili la mwisho nataka mlikumbuke. Maana yake ni kwamba fundi aliyejifunza kazi mtaani, bila kupita chuo, hupimwa kwa vitendo, huonyeshwa upungufu wake, hufundishwa kile anachokosa, kisha hupewa cheti. Hatakiwi kuanza upya kama mtoto.

Njia ya pili ni Mfuko wa Kuendeleza Ujuzi, uliosimamiwa na Mamlaka ya Elimu Tanzania, ambayo iliundwa kwa Sheria ya Mfuko wa Elimu ya mwaka 2001. Mfuko huo ulitokana na mradi wa elimu na ujuzi kwa ajira zenye tija, uliopata mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 120 mwaka 2016. Uliweka mkazo katika sekta sita: kilimo na usindikaji wa mazao, utalii na ukarimu, usafirishaji, ujenzi, TEHAMA na nishati. Angalieni vizuri orodha hiyo. Seremala asiyeisoma hajui kama aandike ombi lake kwa jina la samani au kwa jina la ujenzi, na tofauti ya neno moja inaweza kulitupa ombi nje.

Miradi ya namna hii ina mwanzo na mwisho, na madirisha yake hufunguliwa na kufungwa. Kwa hiyo, kabla ya kushika kalamu, nenda ukaulize VETA Iringa au VETA Mbeya, nenda kwa afisa wa halmashauri yako: mwaka huu liko dirisha gani, ni la nani, na linafungwa lini? Tena usichanganye ruzuku na mkopo. Asilimia 10 ya mapato ya halmashauri inayotengwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ni mkopo, nao hurudishwa. Ruzuku ya mafunzo hairudishwi kwa fedha. Hurudishwa kwa kazi na kwa hesabu safi ya matumizi.

Wenzetu wa Kenya wana utaratibu unaofaa kutazamwa. Huko mwajiri hutoa shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kwa mwezi, na akishampeleka mfanyakazi wake kwa mwalimu aliyeidhinishwa, huandika kudai arudishiwe sehemu ya gharama. Waingereza nao walitunga sheria yao ya mafunzo ya viwandani mwaka 1964 kwa mawazo hayohayo: wote watoe, na anayefundisha arudishiwe. Wazo ni rahisi. Mwenye karakana anayefundisha vijana asiwe mjinga wa kufundisha, halafu jirani yake asiyefundisha anawachukua bure kwa kuwaongezea shilingi elfu kumi. Kwetu sheria ipo na tozo ipo. Kinachotupungukia zaidi ni mazoea ya kudai.

Nije sasa kwenye kuandika ombi lenyewe, maana hapa ndipo wengi huangukia.

Nilipokuwa Mbeya alikuwapo mwenye gereji mmoja upande wa Uyole. Mnajua malori yanayopita pale yakielekea Tunduma, Zambia na Kongo. Mafundi wake walikuwa hodari wa magari ya zamani. Injini walikuwa wanaisikiliza kwa masikio kama daktari. Lakini malori mapya yamejaa vifaa vya umeme, na hitilafu yake huonekana kwa kompyuta, wala haisikiki kwa sikio. Mwenye gereji akaandika ombi. Nakala yake niliiona. Iliandikwa kwa Kiswahili kizuri sana: inaombwa Serikali sikivu iwasaidie vijana wazalendo wajikwamue kimaisha na kulijenga taifa. Kurasa mbili. Halikuwamo jina la mafunzo, idadi ya watu, wala bei. Likakataliwa, nami nadhani kwa haki.

Akanijia amekasirika. Nikamwuliza maswali ambayo baba mwenye nyumba angeyauliza kabla ya kutoa fedha yake. Una mafundi wangapi? Wangapi wanashindwa kazi ipi? Umejuaje? Akatoa daftari lake la kazi. Tukapitia miezi mitatu nyuma, tukahesabu magari yaliyorudishwa na wenyewe wakilalamika, na magari aliyoyakataa kwa kuwa hakuna fundi wa kuyaweza. Karibu yote yalikuwa ya mambo ya umeme. Hapo ombi likawa limekwisha kujiandika. Safari ya pili liliandikwa kwa ukurasa mmoja na jedwali moja, likakubaliwa. Mafundi wanne wakasoma. Mmoja wao alikuwa na miaka hamsini na miwili, aliingia gerejini akiwa spana boi, na hakuwa amepata kushika cheti chochote mkononi tangu kile cha darasa la saba.

Kutokana na hayo nimejiwekea mambo matano, ambayo nawaachia.

Kwanza, anza na kazi iliyoharibika. Usianze na mafunzo unayoyatamani. Ombi zuri huonyesha mbao zilizopotea kwa kukatwa vibaya, mteja aliyeondoka, au mtu aliyeumia. Daftari la kazi lina thamani kuliko barua ya mbunge.

Pili, taja watu. Andika idadi yao, kazi wanayofanya, miaka waliyofanya, na wanawake wangapi wamo. Mafunzo hupewa watu wanaohesabika. "Vijana wetu" ni neno la jukwaani.

Tatu, chagua chuo kilichosajiliwa na NACTVET, na ukubaliane nacho mapema kwa maandishi: masomo, siku, mahali, gharama, na cheti kitakachotolewa. Usikubali chuo kikuandikie ombi lote, maana kitaandika kile kinachojua kufundisha, ambacho si lazima kiwe kile unachokosa.

Nne, weka nyumba yako safi kabla ya kuomba. Leseni, namba ya mlipakodi, usajili wa BRELA, michango ya NSSF, na stakabadhi za tozo yenyewe kama umefikia idadi ya kulipa. Wapo wanaoficha wafanyakazi ili wakwepe tozo. Wakija kuomba mafunzo ya watu ishirini, daftari la Serikali linaonyesha wana watu saba. Hapo huwezi kutetewa na mtu.

Tano, eleza utakavyopima. Mafunzo yakiisha, ni kitu gani kitakuwa kimebadilika baada ya miezi sita? Magari yatakayorudishwa yapungue, mbao zinazoharibika zipungue, mishahara ipande. Na hapa niseme bila kuficha: mwajiri anayemsomesha fundi halafu akabaki na mshahara uleule, asishangae akimpoteza. Mtu akiongezwa ujuzi aongezwe na ujira.

Nizungumze kidogo na watumishi wenzangu, maana najua mmo wengi humu. Sisi tumesomeshwa kwa jasho la watu ambao wengi wao hawakusoma. Mwananchi anapoleta karatasi mezani, kwetu ni faili moja katika mafaili arobaini. Kwake ni mwaka mzima. Tangu kisa cha yule mzee nina daftari la mkono mezani kwangu. Kila barua inayoombwa naandika siku iliyoombwa, siku ya mwisho ya dirisha, na siku niliyoitoa. Nimejipa siku tatu. Nikizidisha, msaidizi wangu ana ruhusa ya kuniaibisha mbele ya watu, na amekwisha kuitumia ruhusa hiyo mara mbili.

Wadogo zangu wanafunzi, nanyi msidhani kwamba mambo haya si yenu. Baadhi yenu mtakuwa wahandisi, wengine maafisa, na wengine, nawaombea, mtakuwa wenye karakana. Jifunzeni kuandika maelezo mafupi yenye namba. Somo la Kiswahili na somo la hesabu mnayafundishwa katika vyumba viwili, lakini katika maisha hukutana katika karatasi moja, na karatasi hiyo ndiyo ombi. Na msimdharau fundi wa mtaani. Anachokosa ni cheti na sehemu ndogo ya elimu. Kazi yenyewe anaijua kuliko ninyi mtakavyoijua kwa miaka kumi.

Ndugu Mwenyekiti, nina pendekezo moja kabla ya kukaa. Chama chetu kina watu Iringa na kina watu Mbeya. Wamo wahasibu, walimu, wahandisi na wanasheria. Napendekeza tuteue watu watatu Iringa na watatu Mbeya, ambao kazi yao itakuwa kusoma bure ombi la mwenye karakana yeyote anayetaka kuwafundisha watu wake, kabla hajalipeleka. Wasimwandikie, wamsomee tu na kumwuliza maswali. Jioni moja kwa mwezi inatosha. Kwa upande wa Iringa, jina langu liandikwe la kwanza.

Yule mzee wa mbao bado anafanya kazi. Mwaka uliofuata aliomba tena, na safari hiyo barua yake niliitoa siku hiyohiyo, akisubiri kwenye benchi. Vijana wake walikwenda kusoma. Yule aliyekatwa vidole alikwenda pia, na sasa ndiye anayewaonyesha wageni jinsi ya kufunga kinga ya msumeno. Nilipomtembelea alinipa mkono wake wa kulia, ule wenye vidole vitatu, nami niliupokea. Hakujua kwa nini niliushika kwa muda mrefu.